Acha Nafasi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya mengine yote natangaza rasmi, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu, kwamba chumba changu sasa kina vikombe viwili. Cha pili nilikinunua Jumanne. Muuza vyombo aliniuliza kama natarajia mgeni, nikamwambia hapana, ni cha akiba. Akanitazama kama daktari anayetafuta namna ya kusema. Tangu hapo nakunywa chai kwa zamu, leo hiki, kesho kile, kisije kimoja kikajiona hakipendwi.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekupa likizo walau siku mbili tatu. Baba naye hajambo? Bado anaficha miwani chini ya mto kisha anamtuhumu jirani? Mimi mzima wa afya. Naandika nikiwa stoo ya shule, juu ya ile meza yenye mguu mmoja mfupi, nangoja mvua ipungue niende kituo cha mabasi kwa shughuli nitakayokueleza huko chini. Miezi minane hujaniandikia, nami silalamiki, sababu naijua. Nitaifikia hiyo pia, ila niache nizunguke kidogo, kama ilivyo kawaida yangu.

Ukocha unaendelea. Nadhani sikuwahi kukueleza nilivyoupata. Mwalimu wa michezo alihamishwa, na mwalimu mkuu akauliza kikaoni nani anajua mpira wa magongo. Hakuna aliyeinua mkono. Ndipo akanigeukia mimi mtunza stoo, akasema mtu aliyehesabu magongo kwa miaka sita hawezi kukosa kujua yanafanya nini. Watu wakapiga makofi, hasa wale waliokuwa wanaogopa kuteuliwa. Mengine niliyatoa kwenye kitabu nilichokikuta kabatini, kimetoka jalada, kinaanzia ukurasa wa kumi na moja. Kwa hiyo dada, mchezo unavyoendelea naujua vizuri. Unavyoanza, mpaka leo nabahatisha.

Wachezaji wangu ni wasichana wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Siku ya kwanza niliutupa mpira uwanjani, wote wakaufuata kama kuku waliomwagiwa mchele, hata kipa akaacha goli akaenda kuangalia kuna nini. Magongo yalipiga miguu mingi kuliko mpira. Nikachukua chokaa, nikamchorea kila mmoja duara lake, nikawaambia hiyo ndiyo nafasi yako, humo unakaa, mpira utakuja. Ukiupata usiung'ang'anie, mtazame mwenzako aliye wazi, umpe. Walinuna. Walisema hiyo ni adhabu, si mchezo. Beki wangu wa kushoto, ambaye wenzake wanamwita Wakili kwa sababu hakuna jambo asilolikatia rufaa, aliuliza mpira ukikataa kuja duarani kwake wiki nzima atamshitaki nani. Nikamwambia asubiri tu. Mimi kwa kusubiri ni mtaalamu, lakini kulifundisha jambo hilo kwa mtoto wa watu kulinitia aibu kidogo.

Polepole wakaelewa. Wiki ya sita mvua ilifuta chokaa yote, sikuichora tena, na bado kila mmoja alisimama pale pale. Siku moja mpira ukapita kwa wanne, kila mmoja akiugusa mara moja tu, ukaingia golini, na hakuna aliyejua ashangiliwe nani. Wakashangiliana wote. Mimi nikageuka haraka nimuulize mtu kama ameona nilichokiona. Pembeni yangu kulikuwa na ndoo ya maji na rundo la makoti.

Basi Jumamosi iliyopita tulicheza na shule ya jirani. Dakika za mwisho, tuko bao moja kwa moja. Wakili na beki mwenzake wamebanana utadhani wamevaa sweta moja, nami nataka watengane, waachiane uwazi. Nikapaza sauti: acha nafasi! Nikarudia: Wakili, acha nafasi! Akanitazama mara mbili, kama mtu aliyeletewa barua ya kuachishwa kazi. Kisha akaweka gongo begani, akatoka uwanjani, akaja kukaa kando yangu juu ya ndoo. Mpira ukapita palepale alipokuwa, taratibu, bila kusukumana na mtu, tukafungwa. Wale wa upande wa pili walicheka mpaka mwamuzi akasahau kupuliza filimbi. Nilipomuuliza amefanya nini, alisema kocha si umeniambia niiache, nimeiacha. Alidhani nimechoka naye. Akaongeza, maana ni wakili, kwamba neno ni langu, yeye hakulitunga.

Baadaye tulikuwa tunafuta matope kwenye magongo, akaniuliza: mchezaji akiacha nafasi yake, mwenzake afanye nini? Nikamwambia anaiziba, anacheza za watu wawili mpaka yule arudi. Akauliza anaziba mpaka lini. Nikasema kitabu hakikutaja. Akauliza yule aliyetoka, akitaka kurudi, anapitia wapi. Hilo nalijua, liko ukurasa wa arobaini: anarudi kwa mstari wa katikati, watu wote wakimwona, si kwa kunyatia nyuma ya goli. Wakili akasema hiyo ngumu, yeye angepita nyuma ya goli. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mipira muda mrefu.

Sasa dada, nakuja kwa mstari wa katikati. Mwaka jana uliniandikia ukaniuliza kama nina nafasi ya kuja kukaa na baba wiki mbili, ili wewe ukatibiwe mgongo. Nikakujibu sina nafasi, tuna mashindano. Mashindano yalikuwepo, hapo sikudanganya. Ila tulitolewa siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne. Siku kumi na tatu zilizobaki nilizimalizia humu stoo nikizungushia magongo utepe mpya, na yalipokwisha nikaufungua nikaanza upya. Sikuja kwa sababu ya ile safari yangu ya mwisho. Wewe ulikuwa umetoka kwenda dukani. Baba alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti, akaniuliza natokea wapi. Kisha akaniomba, kama si usumbufu, nikikutana na mwanawe wa kiume nimwambie aje, amemngoja siku nyingi. Nikamwambia nitamwambia. Uliporudi na sukari sikukueleza kitu. Nilipanda basi nikijiambia kwamba kama hanijui, basi pale sina nafasi. Kumbe ilikuwepo, wewe ndiye uliyekuwa unaiziba.

Shule inafungwa tarehe kumi na mbili, na ile shughuli ya kituo cha mabasi ni kukata tiketi ya kuja huko. Tarehe kumi na tatu nitakuwa mlangoni, mlango wa mbele, mchana. Baba akiniuliza mimi ni nani, nitamwambia nimetumwa na mwanawe nije kukaa naye. Wewe nenda hospitali, na usirudi mapema kwa kunihurumia. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ngoja kwanza nifue mashuka mwezi mzima, ndipo ufikirie. Kile kikombe cha pili nitakuja nacho.

Wasalimie wote hapo, hata jirani mtuhumiwa wa miwani. Baba mpe mkono, umwambie ni wa mwanawe.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemwita Konokono kwa kukuchelewesha shule kila asubuhi.

Nimesahau: mvua imekatika. Dirisha la tiketi hufungwa saa kumi. Sasa hivi ni saa kumi na robo.