Lenzi ya Baba Mkwe Imeota Ukungu

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana tangu juzi mikono inanitetemeka na kazi yangu inataka mkono uliotulia.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, na baba mkwe wangu alikuwa na studio enzi za filamu, sasa amestaafu, akanikabidhi lenzi yake ya zamani, ile ya kuzungusha pete kwa mkono mpaka picha ikae sawa, akasema, "Mwanangu, nitazamie afya yake, nataka nimpige picha mama yenu kabla hajaingia chumba cha upasuaji," kwa sababu mama mkwe anapasuliwa moyo mwezi ujao, na lenzi hiyo ndiyo aliyompigia picha walipokuwa wachumba, basi nikaimulika kwa tochi, mshauri, pembeni mwa kioo cha ndani ukungu umetambaa kama utando wa buibui, vibati vya kupunguza mwanga vimelowa mafuta vimeganda wazi, pete nayo nzito, grisi imekauka, nikasema nifungue mwenyewe, skrubu ya kwanza tu kichwa kikaanza kulika, nikaacha, na jana mezani baba akaniuliza, "Mgonjwa wangu hajambo?" nikajibu, "Hajambo, baba," mama akadakia, "Anaulizia lenzi huyo, na mimi nimekaa hapa!" wakacheka wote, mimi nikaanza kukusanya sahani, naogopa nikiifungua nitaiua, nisipoifungua picha itaharibika, na ikiwa mama… siwezi hata kuandika. Mume wangu anasema tutafute nyingine inayofanana, mzee hatajua.

Mkaza mwana mwenye hofu

Mkaza mwana, pole. Bisibisi irudishe kabatini. Kuacha kwenye skrubu ya kwanza kumeiokoa lenzi. Na mumeo mwambie mzee anaijua lenzi yake kwa vidole. Mtaumbuka mchana kweupe.

Nilimuuliza fundi kamera ninayemwamini. Akacheka: "Vibati vimeganda wazi? Ashukuru havikuganda vimefungwa!" Wewe mpiga picha mzima, woga umekusahaulisha kazi yako! Lenzi iliyo wazi inapiga picha. Ukungu kidogo wa pembeni mara nyingi hauonekani. Unafifisha picha lenzi ikielekezwa kwenye mwanga. Kwa hiyo mama aelekee dirisha, baba alipe dirisha mgongo. Jaribu kwanza kwa mumeo, naye apate kazi ya maana. Usiiweke begi moja na lenzi zako, ukungu huambukiza. Baada ya upasuaji ipeleke kwa fundi, umuulize kama ameshafungua za aina hiyo. Akibabaika, ondoka nayo.

Sasa nikugombeze. Kinachokutetemesha ni moyo wa mama, na hilo huliponyi kwa kumdanganya baba. Wazee hao wanaijua hatari kuliko wewe. Ndiyo maana wanataka picha. Mwambie leo: "Baba, ina ukungu, lakini bado inaona." Unaogopa atapiga kelele? Atapiga. Mwache. Halafu msogezee mama kiti, mzee azungushe pete yake polepole apendavyo, na wewe usimharakishe.

Kawaite sasa hivi, mwanga ungali mzuri.