Neno la Siri la Jedwali la Zamu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, kisha ukae kitako na kuvaa miwani, maana leo nina mengi. Hujambo? Shemeji hajambo? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima. Watoto wanamwamkia shangazi yao, na wifi yako anakusalimu sana, ingawa hajui ninachokuandikia. Anadhani nakujibu habari za paa la nyumba ya mama. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili wiki iliyopita, na mara zote mbili niliishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Kazi yangu unaijua. Napanga zamu za wauguzi wa hospitali, wauguzi sitini na mmoja katika wodi saba. Kwa miaka kumi na miwili nimeifanya kwa jedwali moja la kompyuta nililolitengeneza mwenyewe. Nyuma ya jedwali kuna maagizo niliyoyaandika mstari kwa mstari, wenyewe wanayaita makro. Unabonyeza kitufe kimoja tu, jedwali linajipanga: aliyekesha hapangiwi asubuhi yake, mjamzito hapangiwi usiku, na hakuna wodi inayobaki bila mtu.

Mwaka ule wa kwanza karani mmoja wa masijala alijifanya fundi akayachezea maagizo yale, na wodi ya watoto ikakaa toka asubuhi hadi saa sita bila muuguzi hata mmoja. Hakufa mtu. Lakini nilimwona mama mmoja akikimbia kwenye korido na mtoto begani, anafungua kila mlango. Siku hiyohiyo nikayafunga kwa neno la siri. Jedwali analitumia yeyote, lakini kuyafungua maagizo yake ni mimi tu. Ofisini wananitania kwamba nayaonea wivu kuliko mke.

Sasa, wiki mbili zilizopita Matroni alikuja mezani kwangu akaniambia kwamba wodi ya watoto inagawanywa mara mbili kuanzia mwezi ujao, kwa hiyo niongeze wodi ya nane. Nikamwambia kwa madaha kwamba kabla hajamaliza chakula cha mchana itakuwa tayari. Nikaketi, nikafungua faili, nikaulizwa neno la siri, nikaandika. Likakataa. Nikaandika jingine, likakataa. Nilijaribu mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu, jina la mama, siku ya harusi, hata jina la yule mbwa aliyening'ata nikiwa darasa la tatu. Saa za kazi zikaisha, nimebaki nimeduwaa mbele ya kitu cha mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake nilimwambia Matroni kwamba kompyuta ina matatizo. Keshokutwa nikasema umeme ulikatika. Dada, mimi nisiyejua kudanganya hata umri wangu. Siku ya nne nikajikaza, nikamwita fundi wa kompyuta wa hospitali, mama mmoja mtu mzima, wa maneno machache. Nilimchemshia chai kabisa, nikijua kazi itachukua nusu siku.

Nilipoanza kumweleza akaniinulia mkono kwamba ameelewa. Hakuniuliza ni faili lipi. Alitoa nakala yake, akaifungua kwa programu nyingine inayoonyesha tumbo la faili, akabadilisha herufi moja, akarudi kwenye jedwali, na maagizo yangu yakafunguka. Chai yake ilikuwa bado ya moto. Nikamtania kwamba angeamua kuwa mwizi tungekwisha. Hakucheka. Alinigusa bega, akaniambia nikihitaji msaada nimwite tu, hata mara ngapi. Nikachukulia kwamba ni adabu zake.

Nikaanza kuyasoma maagizo yangu kwa furaha, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Kumbuka kwamba katikati ya maagizo mtu huweza kujiandikia maelezo, mistari ya kijani ambayo kompyuta huiruka, ya kusomwa na binadamu tu. Nami najulikana kwa maelezo mengi. Nikawa nashuka nayo taratibu, najicheka kwa mizaha yangu ya zamani, mpaka nikafika mwisho kabisa. Pale palikuwa na mistari miwili ambayo sikuitambua.

Wa kwanza ulisema: "Tarehe tisa, mwezi wa tatu. Nimesahau neno la siri, fundi amenifungulia. Nimeweka jipya, jina la mwalimu wetu wa darasa la kwanza."

Wa pili ulisema: "Tarehe ishirini na sita, mwezi wa tano. Nimesahau tena. Mzee, usiyafunge tena."

Na huu ni mwezi wa nane, na nilikuta nimeyafunga.

Mwandishi ni mimi, dada, hakuna mwingine. Nani mwingine ananiita mzee nikiwa peke yangu? Tena ni upuuzi wangu mimi, kuandika neno la siri ndani ya kitu kinachofunguliwa kwa neno hilohilo, kama mtu anayefungia ufunguo ndani ya nyumba. Lakini siku hizo mbili sizikumbuki. Sisemi nazikumbuka kwa mbali, sina kitu. Niliketi pale nikazitafuta, nisizipate.

Nikaenda ofisini kwa fundi. Aliponiona tu akasimama akafunga mlango. Nikamuuliza amewahi kunifungulia faili lile mara ngapi. Akasema, "Leo ni mara ya tatu. Ile ya pili ulilia, ukaniomba nisimwambie mtu. Nikakuahidi."

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua. Wewe ulikaa na mama miaka sita. Mimi nilikuwa nakuja likizo siku mbili, na katika siku hizo mbili ananiuliza kama nimekula, namjibu, akikaa kidogo ananiuliza tena. Nami nilikuwa namwambia, "Mama, umeshaniuliza." Kila mara hivyo. Alikuwa anaangalia mikono yake. Wewe ulimjibu kila mara kama ndiyo kwanza anauliza, ukamtajia ulichokula, na ulivyoshiba. Nami siku moja jikoni nilikwambia kwamba unamdekeza, ndiyo maana haponi. Wewe ukaendelea kuosha vyombo. Nakuomba msamaha kwa hilo. Naona haya, na haya yenyewe ni ya kuchelewa.

Nataka uniambie bila kunificha: kwa mama ilianzaje? Ilianza na vitu vidogo, au uliamka tu siku moja ukaiona? Alhamisi nina miadi na daktari, na nikirudi nitamwambia wifi yako. Ila naogopa, dada. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku tulipomzika.

Kazini nimemweleza Matroni ukweli wote. Alivua miwani, akaniuliza kama nimepata mtu wa kunisindikiza kwa daktari. Wodi ya nane niliimaliza, karani mwenzangu akaikagua baada yangu mstari kwa mstari, na wodi zote zina watu. Maagizo sikuyafunga. Nimeyachapa, kurasa kumi na moja, na kila asubuhi nakaa naye namfundisha. Ni mwepesi wa kuelewa. Jana alinisahihisha mahali, na alikuwa sahihi.

Dada, nina ombi moja tu. Barua hii itunze. Na ikitokea siku ukapata barua nyingine kutoka kwangu, inakueleza haya haya kama ndiyo kwanza yametokea, usiniandikie kwamba nimeshakuambia. Nijibu tu. Nijibu kama ulivyokuwa unamjibu mama.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Wewe mwenyewe jitunze. Na usisahau kunijulisha habari za goti lako, kama bado linakusumbua ukipanda ngazi.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Kitindamimba