Vipande Viwili Nilivyovisahau Shambani

Kambi ya karanga,
Nachingwea.

Kwa Kaka Hamisi, Mandawa.

Salamu nyingi, Kaka. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na shuleni kwako, watoto bado wanakalia magogo?

Nakuandikia wewe mwalimu kwa sababu kosa nililofanya ni la hesabu uliyonifundisha mwenyewe, na ungenichapa kwa haki.

Unajua huku nilipewa kazi ya kushika kamba, kuwapimia watu ngwe za kupalilia. Ngwe ya mtu mmoja ilikuwa hatua ishirini kwa ishirini, aimalize kwa siku. Wiki iliyopita nyapara akataka tuongeze hatua tano kwenye urefu na tano kwenye upana. Akaniuliza mbele ya watu, "Kazi itazidi kiasi gani?" Nami kwa kiherehere changu nikajibu papo hapo: ishirini mara ishirini ni mia nne, tano mara tano ni ishirini na tano. "Itazidi kidogo tu, bwana." Akaniamini.

Watu wakashindwa. Mjomba Saidi, kaka yake Mama aliyetulea, alishindwa siku mbili mfululizo. Nyapara akamwita mvivu mbele ya vijana, akaapa kwamba akishindwa ya tatu atamrudisha kwao. Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Kamba niliishika mimi!

Jioni ile nikachora ngwe chini kwa kijiti. Mraba wa zamani huu hapa, na kimraba cha tano kwa tano hiki hapa kwenye kona. Lakini pembeni kulikuwa na vipande viwili virefu, kila kimoja ishirini kwa tano, ambavyo sikuvihesabu kabisa. "Mara mbili ya kwanza kwa ya pili," ulikuwa ukitukaririsha, nami nikaiacha hiyo ya katikati. Mia mbili nzima! Ngwe ilikuwa imefika mia sita ishirini na tano.

Nikamwonyesha Mjomba. Akautazama mchoro, wala hakushangaa.

"Mgongo wangu uliniambia tangu siku ya kwanza, mpwa wangu. Ningesema, wangekunyang'anya kamba. Nyamaza."

Sikuweza. Asubuhi, watu walipopanga mstari, nikasema kosa ni langu. Nyapara alinijia hadi pale niliposimama. Akaichukua kamba, akanitupia jembe. Ngwe zikarudi ishirini kwa ishirini, na Mjomba hakufukuzwa. Sasa napalilia ngwe inayopakana na yake. Siku mbili hakunisemesha, amekasirika kweli kweli.

Msalimie shemeji, na wanao, na bibi yetu wa Malolo. Mama mwambie kamba nimenyang'anywa, na sababu usimfiche. Ila Mjomba siku hizi hawezi kuinuka mpaka aegemee mpini wa jembe. Hilo usimwambie. Nitakuja kumwambia mwenyewe, maana ni kaka yake, na aliyemvunja mgongo ni mwanawe.

Mdogo wako,
Bakari