Mlango wa Nyuma wa Gari Yako

Mtoni, Unguja
Jumatatu, 14 Machi 1955

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Bwana Shamsi,
Tanga

Shikamoo Mjomba. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Bi Time, na Hamad wetu ambaye tumesikia ameanza kwenda tete. Vipi kikohozi chako? Mama anauliza kila siku kama umepona au unatuficha. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Bibi mzima, ila magoti yanamsumbua kila mvua inapokaribia, na mvua zimeshaanza.

Mjomba, hii ni barua ya tatu nakuandikia tangu wiki iliyopita. Mbili nimezichana. Mwalimu wetu ametufundisha kuwa mtu asiandike barua akiwa na hasira, angoje zipoe kwanza. Nimengoja siku tatu, hazikupoa. Basi naandika hivi hivi nilivyo, na naomba radhi yako kabla hujafika mbali.

Nina hasira kwa sababu ya mlango wa gari yako.

Ulipohamia Tanga ulimwachia Baba gari ili atupeleke skuli mimi na mdogo wangu Mwatum asubuhi, naye apitilize kazini kwake forodhani. Unakumbuka kuwa mlango wa nyuma wa kulia haufunguki tangu ulipogongwa na gari ya ng'ombe. Kwa hivyo sisi wanawake wote wa nyumba hii tunapandia na kushukia mlango mmoja tu, ule wa kushoto wenye pazia. Na bawaba zake ziko upande wa nyuma, kwa hivyo ukifunguka gari ikiwa inakwenda, upepo huudaka na kuubetua.

Tangu Idd Kubwa iliyopita mlango huo umeanza kushuka. Ukitaka kuufunga lazima uuinue kwa mikono miwili, usukume kwa goti, halafu uombe Mungu. Baba hajui taabu hiyo. Yeye anatumia mlango wa mbele, na wa mbele unafunga kama kifuniko cha kijaluba.

Baba akaipeleka gari kwa fundi Usi, Mlandege. Usi akakipiga kitasa tupa. Siku chache ukafunga vizuri, halafu ukashuka tena. Akapelekewa mara ya pili, akakishusha kidogo kile kipande cha chuma kinachopokea ulimi wa kitasa. Ukashuka tena. Mara ya tatu akatia kitasa kipya, akamwambia Baba, "Bwana Simai, kazi yangu mimi nimemaliza. Waambie watoto wako wasiubamize." Baba akatugeukia pale pale mbele ya watu wa Mlandege, akatusomea. Mwatum alilia mpaka Mtoni.

Siku ya tarehe mbili mwezi huu, tulipokuwa tunakwenda skuli, karibu na magofu ya kasri mlango ulifunguka wenyewe. Upepo ukauchukua wote. Mfuko wa Mwatum ukaruka nje na vitabu vyake, na Mwatum mwenyewe angeufuata kama nisingemkamata buibui. Alikuwa ameshatoka nusu, Mjomba. Nilimwona kichwa chake kiko juu ya barabara. Mpaka sasa nikifumba macho ninakiona.

Baba alisimamisha gari, akashuka mbio. Hakuuliza kama tumeumia. Aliuliza, "Nani kaufunga?" Nikasema mimi. Akasema, "Nshakwambieni mara ngapi?" Najua alikuwa na khofu, na khofu ya Baba hutoka kwa sura ya ukali. Najua. Lakini mimi ndiye niliyemshika mwanawe.

Tangu siku hiyo mlango umefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, na sisi hatwendi skuli. Kwa miguu Baba hataki, na kwa basi hataki kabisa. Anasema nimeshakuwa mtu mzima. Leo ni siku ya kumi na mbili. Zimebaki wiki tano na siku chache skuli ifungwe kwa Ramadhani, na baada ya Idd tu ndio mtihani wa kuchaguliwa wasichana watakaosomeshwa ualimu. Hesabu za asilimia wenzangu wameshazimaliza, mimi nazisoma peke yangu jikoni. Nikikosa mwaka huu, unajua kama mimi kuwa hakutakuwa na mwaka mwingine. Watanitafutia mume.

Sasa sikiliza linaloniudhi kuliko yote. Kila Alkhamisi alasiri kamba ile inafunguliwa, kwa sababu Bibi anakwenda Malindi kumtazama dada yake, na nani atamwambia Bibi kuwa gari mbovu? Anakaa upande wa kulia kwa raha zake, na mimi nachukuliwa ili nikae upande wa mlango niushike kwa mikono miwili njia nzima. Alkhamisi iliyopita tulipita mbele ya skuli yetu hivyo hivyo, mimi nimeukumbatia mlango kama mwizi aliyekamatwa nao. Wenzangu walikuwa uwanjani wanacheza. Nikamuuliza Baba kwa nini nisiushike vile vile asubuhi. Akasema asubuhi anaharakia kazini, Alkhamisi anakwenda polepole. Niliuma mdomo ukatoka damu.

Kwa kuwa sina skuli, nilianza kuuchunguza mlango na kuandika katika daftari langu. Nikaulinganisha na tarehe za Usi, alizoziandika Baba katika kalenda. Mara zote tatu ulitengenezwa siku ya Jumamosi. Mara zote tatu ulifunga vizuri mpaka Alkhamisi. Ijumaa asubuhi ulikuwa umeshashuka.

Umeshafahamu, Mjomba? Mimi nilifahamu zamani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, ila sikutaka kujua.

Bibi hapandi gari kama sisi. Magoti yake hayamchukui. Anaufungua mlango wote, anaupitisha mkono wake juu ya ukingo wa dirisha, anajitundika pale na mwili wake wote, halafu anajitupa ndani kwa bismillahi. Kushuka ni vivyo hivyo. Na Bibi, Mungu amzidishie afya, si mwepesi. Mama anaona, mimi naona, Mwatum anaona. Baba peke yake haoni, kwa sababu yeye hamtazami mkwewe akipanda gari. Kila Alkhamisi hugeuza uso upande wa baharini mpaka asikie mlango umefungwa. Yeye anaadhibu kitu ambacho adabu yake haimruhusu kukitazama.

Wiki iliyopita alikuja fundi Borafya, seremala wa Ng'ambo, kutengeneza dirisha la ukumbini. Ni mtu wa Makunduchi, maneno yake machache. Nilimwomba Mama amwambie autazame mlango. Akafungua kamba, akauinua kwa vidole, akauchezesha juu na chini. Akaishika skrubu ya bawaba akaizungusha kwa mkono mtupu, ikatoka pamoja na unga wa mbao.

Akasema, "Kitasa hakina kosa. Gari hii chini ya bati ina mifupa ya mti, na nguzo inayoshika bawaba imeliwa na skrubu. Usi anajua chuma tu, angejuaje?"

Kazi yenyewe ni nusu siku. Aubandue mlango, azibe matundu kwa vigingi vya mti mgumu, atie skrubu ndefu, aurudishe. Nilifurahi mpaka nikataka kumbusu mkono. Halafu akaongeza, "Lakini hapa kuna mtu anaung'ang'ania. Mlango ukibamizwa hufa kitasa. Huu umevutwa chini."

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama Mama. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Watoto wa siku hizi, fundi! Wananing'inia kama kima. Mimi nshawasema nimechoka."

Mjomba, nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikapiga ukuta kwa ngumi. Ningesema nini? Amenilea. Ndiye aliyenifundisha alifu kabla sijaijua skuli. Siwezi kumwambia mbele ya fundi, wala mbele ya mtu yeyote, kuwa kima ni yeye.

Jioni Mama alimweleza Baba habari za nguzo. Baba akasema gari si yake, hawezi kumruhusu mtu kuibandua milango bila ya idhini ya shemeji yake, na amekuandikia barua mbili hujamjibu habari za mlango. Akasema tena kuwa hata ikitengenezwa ni bure, maana sisi hatusikii.

Na hapa ndipo hasira zangu zinapokuja kwako, unisamehe. Barua ya kwanza ulijibu habari za bei ya karafuu. Ya pili ulituletea salamu za mwaka mpya na picha ya Hamad. Picha nzuri, tumeitundika. Lakini kuhusu mlango hukuandika hata neno. Labda uliona ni jambo dogo. Kwako ni mlango wa gari kuukuu. Kwangu mimi ndio mlango wa skuli, hakuna mwingine.

Nakuomba mambo mawili, uyafanye siku ile ile utakayoipata barua hii. La kwanza, umwandikie Baba kuwa fundi Borafya abandue anachotaka kubandua.

La pili ni zito zaidi. Umwandikie mama yako. Baba hawezi kumwambia, yeye ni mkwe. Mama hathubutu. Mimi ni mjukuu. Umebaki wewe, mwanawe wa kiume, ambaye Bibi hajawahi kukukasirikia zaidi ya nusu saa. Fundi Borafya amesema anaweza kumtengenezea kigoda kipana cha kukanyagia, na kamba nzuri ya kushika ndani, juu ya kiti. Basi mwambie kigoda ni zawadi yako, umemwagizia wewe, kwa kuwa hutaki mama yako apande gari kwa taabu. Usiutaje mlango, wala usinitaje mimi.

Kumbuka kuwa Bibi husoma Msahafu tu, herufi zetu za skuli hazijui. Barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea, pale barazani, na Baba hukaa ndani ya ukumbi akasikiliza. Basi yachague maneno yako vizuri. Nitayasoma kama yalivyo, sitaongeza wala sitapunguza, na sauti yangu haitatetemeka. Yatakuwa maneno yako, lakini kwa mara ya kwanza mimi ndiye nitakayeyasema.

Msalimie sana Bi Time, na umbusu Hamad mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, na Mwatum anakusalimu. Vitabu vyake tumeviokota vyote isipokuwa kimoja. Bibi, anayeniuliza sasa hivi naandika nini kirefu hivyo, anakuombea dua na anasema usiache kuvaa fulana asubuhi. Nimemwambia nakuandikia habari za nyumbani. Mungu akulinde na akuondolee kikohozi, na akupe wepesi wa kushika kalamu.

Mimi mpwa wako, mwenye hasira leo na mapenzi siku zote,

Kazija binti Simai