Kadi ya Dakika Mbili

Gurei, Juba
12 Machi 2017

Mdogo wangu mpendwa Santina,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia mwezi uliopita kimekuacha. Sisi tupo. Mama anatembea vizuri kuliko alivyotembea wakati wa Krismasi, mvua ya kwanza imetuliza vumbi la mbele ya nyumba, na mpapai wa nyuma umezaa hadi tunagawia majirani. Risasi tunazisikia kwa mbali, na siku nyingine hatuzisikii kabisa.

Barua hii anakuletea mama mdogo Teresina mwenyewe. Nimemwomba asikupe mpaka uwe umekula na kuketi, kwa maana nakujua, wewe husoma barua umesimama mlangoni na tumbo tupu. Akikuambia uketi, mtii.

Umeniuliza maswali manne kuhusu mtihani wa Kiingereza. Nimefurahi sana kusikia kwamba chuo cha uuguzi kimekukubali, na kwamba kilichobaki ni mtihani huo tu. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kufika hapo ulipofika. Najua pia kwamba ukishindwa, nafasi yako na ufadhili wake vitakwenda kwa mwingine, kwa hiyo sitafanya mzaha sana. Mimi niliufanya Novemba, katika ukumbi mmoja kule Buluk, nilipokuwa natafuta kazi kwenye shirika. Kazi yenyewe ilihamishiwa Nairobi pamoja na ofisi, lakini makosa yangu yamebaki hapa, na nakupa yote bure.

Swali lako la kwanza lilihusu salamu. Mtahini akikuuliza hali yako, mjibu kwa sentensi moja halafu unyamaze. Najua ni vigumu. Mwalimu Tombe, jirani yetu aliyehamia Mangateen, aliingia chumbani akamuuliza mtahini, mama mmoja mgeni, habari za safari, za watoto, za wazazi wake kama bado wako hai, na kama kwao kuna utulivu. Alipokuwa anajiandaa kusema jina lake, akaambiwa muda umekwisha. Alitoka akiwa ameridhika kabisa, akatuambia kwamba yule mama ana adabu nzuri. Majibu yalipotoka ndipo alipoacha kumsifu.

La pili, kusikiliza. Watakuwekea kanda mara moja tu, na ndani yake kuna watu wenye shida ndogondogo. Sisi tulipewa mwanamke aliyepoteza begi lake kwenye kituo cha treni. Natalina, yule tuliyekuwa naye kwenye kwaya, alikuwa ameketi karibu nami. Alimhurumia sana. Kila mara nilimsikia akinong'ona miskin, miskin, na begi lilipopatikana akashusha pumzi, lakini maswali matatu yalikuwa yameshampita. Usimhurumie mtu yeyote wa kwenye kanda. Hawapo, na begi lao hupatikana siku zote.

La tatu uliuliza kama woga utakushika. Utakushika, lakini si wa Kiingereza. Tulipokuwa tunaandika, upepo ulibamiza mlango wa ukumbi. Kabla msimamizi hajageuza shingo, watahiniwa wote thelathini tulikuwa chini, vifua sakafuni, mikono kichwani. Yeye, mama mgeni wa watu, alibaki amesimama peke yake ameshika saa. Kisha tukainuka, tukajipangusa magoti na kuendelea na insha yetu, ambayo ilitaka tueleze kama ni vizuri kufuga mbwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeeleza. Wewe utafanyia Kampala, na Kampala milango hubamizwa na upepo tu. Jitahidi ukae kitini. Ukishindwa, basi lala upesi na uinuke upesi, kwa sababu saa haisimamishwi.

Sasa swali la nne, ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Uliniambia kwamba katika sehemu ya kuongea utapewa kadi, dakika moja ya kufikiri, na dakika mbili za kusema. Ukaniambia umesikia kwamba mara nyingi kadi hutaka umweleze mtu wa familia yako, na kwamba umeshajiandaa: utamweleza kaka yetu Taban, jinsi alivyokupakia kwenye lori la kwenda mpakani Nimule na kukupa viatu vyake, na jinsi atakavyokuja siku ya kuhitimu kwako amevaa ile kofia yake mbaya. Umeniomba nimuulize kama anaruhusu.

Santina, sikumuuliza. Taban amefariki.

Alifariki Oktoba. Alikuwa amekwenda kuleta bidhaa, na gari alilopanda likashambuliwa kwenye barabara ya Yei. Wenzake walimleta nyumbani, na tulimzika nyuma, karibu na mpapai alioupanda mwenyewe. Mama alimwosha.

Unajua kwetu habari ya kifo haipigiwi simu wala haikabidhiwi dereva. Mtu wa nyumba huenda nayo, mwenye kupewa habari hulishwa kwanza, huketishwa, ndipo huambiwa akiwa ameshikwa mkono. Mama alisema tusubiri njia ifunguke ili mmoja wetu aje. Njia haikufunguka. Yeye hakuweza kusafiri, nami sikuweza kumwacha peke yake. Wewe ukawa unaandika, ukiuliza habari za Taban, na ilinibidi nijibu kitu. Nikajibu kwamba yuko Wau kikazi. Desemba nilikuandikia kwamba anasema ukirudi usirudi na ile sketi ya zambarau. Hakusema. Nilisema mimi, kwa kuwa najua angesema hivyohivyo, na kwa dakika chache nilizokuwa naandika maneno hayo nilimsikia. Salamu zote alizokutumia tangu Oktoba nilizitunga mimi. Nisamehe.

Kuna jambo lingine ambalo hata Mama halijui. Siku ya mtihani wangu kadi niliyopewa ilikuwa hiyohiyo, mweleze mtu wa familia yako. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Mama. Nilifungua mdomo, akatoka Taban. Nilimwambia yule mtahini yote, gari, barabara, mpapai. Nyumbani tulikuwa bado hatujaweza kulitamka jambo hilo, si kwa Kibari, si kwa Kiarabu, si kwa Kiswahili hiki. Kwa Kiingereza lilitoka. Dakika mbili zilipita na hakunizuia. Alizima mashine yake ya kurekodi, akaniacha nimalize. Majibu yalipokuja, alama za kuongea zilikuwa juu kuliko zote, na mpaka leo naona haya kuitazama ile karatasi. Mgeni aliambiwa kabla yako. Wewe ndiwe uliyestahili kuambiwa kwanza.

Ndiyo maana mama mdogo Teresina amejitia barabarani na msafara wa malori, pamoja na hofu yake yote. Alitaka akuambie kwa mdomo. Nilimwomba aniachie mimi, kwa sababu uongo niliuandika kwa mkono wangu. Yeye amekuja kukushika mkono. Nadhani ameshaushika.

Zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani wako. Ukiona huwezi, usiende, hakuna wa nyumba hii atakayekulaumu. Ila mimi ningependa uende. Kadi ikija ile, waweza kumweleza Mama, au mwalimu Tombe, ambaye atafurahi mno. Na ukitaka kumweleza Taban, mweleze, lakini mweleze kama alivyokuwa, na usiogope kulia. Viatu na kofia vitakutosha dakika mbili. Kofia tumekuwekea, imo ndani ya mfuko alio nao mama mdogo.

Kula vizuri, lala, na uniandikie hata mistari miwili. Wanaokusalimu ni Mama, mwalimu Tombe na mkewe, na Natalina. Ni hao tu. Safari hii sikuongeza mtu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kiden