Anayeonja Kwanza

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Embu. Mvua haiachi na miguu imechoka. Dada Kendi akusomee polepole.

Hotelini wamenitoa jikoni, sasa najifunza kuwapa Wazungu waini. Nyeupe huwekwa kwenye barafu, nyekundu hapana, na zote ni kali kama dawa ya minyoo. Jumamosi afisa mmoja alileta wageni. Nikafungua chupa, nikamimina kidogo, nikaonja mwenyewe mbele yao, vile wewe hufanya na pombe ya asali kabla ya kumpa mgeni pembe ya kunywea, ajue haina sumu. Kumbe hapa mwenye meza ndiye huonja! Meneja akanishika kola. Lakini afisa akanitazama sana, akasema, “Mwache. Kuanzia leo aonje kila chupa, halafu sisi tungoje kidogo.”

Tangu serikali itangaze hii Hali ya Hatari, wanaogopa hata mkono unaowalisha. Basi naonja, nasimama, na wao wananiangalia kama nitaanguka. Nimechoka kuangaliwa, Baba.

Mungu akukinge na baridi ya Kibirichia. Nikipata ruhusa ya kuja, usinionjee. Nipe tu pembe, ninywe.

Mwanao,
Kirimi