Chupa ya Mama Feza

Kalemie, siku ya tano (Ijumaa), usiku

Nimemukosea Mama Feza. Juzi nilitoa chupa ya mikojo yake ndani ya frigo ya labo, kwenye ninapimaka mikojo ya wagonjwa, juu nipate nafasi ya mikebuka yangu, ile samaki nilinunua. Chupa ikalala inje kwa joto, mikojo ikaharibika, nikaipima hivyo hivyo. Docteur akamuambia: "Mama, figo zako ziko na ugonjwa." Akalia, akaita dada yake aje achunge watoto. Mi sikumuambia kama chupa ililala inje.

Leo tumepima mikojo ingine. Iko safi kabisa! Nimepumua.

Mama Feza anacheka: "Papa Kabwe, maombi yangu inapita dawa yenu!"

Nikacheka naye, bila haya.

Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, mbele yake na mbele ya docteur, nitasema mimi njo niliharibu ile mikojo ya kwanza.